Sili ya Pampu ya Nne

Umewahi kuweka vipande viwili vya jiwe kimoja juu ya kingine, vikang'ang'aniana bila gundi, bila maji, bila kamba, hata ukikiinua cha juu, cha chini kinakuja nacho? Mimi nimefanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na minne. Mpaka leo vikishikana, vinyweleo vya mikono yangu husimama.

Si mawe ya mtoni hayo. Ni pete nyeusi zilizochomwa kiwandani, ngumu karibu na almasi, pana kama mdomo wa bakuli la wali. Pete moja hufungwa kwenye shafti ya pampu na kuzunguka nayo. Ya pili hukaa palepale, haisogei, na springi inazibana uso kwa uso. Jozi hiyo ndiyo tunayoiita sili. Pampu ya tope huzamishwa majini nzima nzima, mota juu, chini mapezi yanayosukuma tope, na shafti moja imepita katikati. Juu kuna umeme usiotaka hata tone. Chini kuna tope la mlima, mchanga mtupu, linalotaka kuingia popote penye upenyo. Kati ya hao mahasimu tunaweka chumba kidogo cha mafuta, sili moja juu yake na sili nyingine chini yake. Basi. Hakuna ukuta mwingine. Nyuso mbili zinapishana mara elfu moja na mia saba kwa dakika, na hata hazigusani sawasawa, maana kati yake umejitandaza utando wa mafuta mwembamba kuliko ukungu wa pumzi yako kwenye kioo.

Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, elimu yangu darasa la sita, nimeolewa juzi tu katika nyumba ya akina Khu, kwenye mji mdogo ulio chini ya bwawa la Nam-khe. Baba mkwe alikuwa na karakana ya pampu. Alianza na pampu ndogo za mashimo ya kokoto, akapanda mpaka kubwa zinazonyanyuliwa kwa winchi. Mume wangu, Bun-hiong, alishughulika na nyaya na winchi. Wifi yangu, A-Tsu, aliandika vitabu vya karakana na kumsema kila mtu anayepita. Mimi nilipelekwa jikoni.

Kilichonitoa jikoni ni samaki. Kwetu tulikuwa tukiuza mwatiko, na mwatiko ana miiba mia mbili na ushee, myembamba kama uzi, mingine imegawanyika kama njia panda. Tangu nina miaka minane nilikaa na kibano nikiitoa mmoja mmoja, nyama isichanike. Siku moja baba mkwe aliniona nikimtolea mama mkwe miiba, akasimama pale mlangoni muda mrefu akitazama. Kesho yake akaniita kwenye chumba kidogo nyuma ya karakana.

Mle kulikuwa na sahani nzito ya chuma, kopo la unga wa almasi uliochanganywa na mafuta, kioo kinene cha mviringo, na taa ya manjano. Alivinunua kwenye kiwanda cha lenzi kilichofungwa mjini. Mikono yake mwenyewe ilikuwa mizito mno kwa kazi ile, na Bun-hiong hakuwa na subira. Nikafundishwa: pete unaisugua kwenye sahani kwa mwendo wa tarakimu nane, huikandamizi, unaiongoza tu. Kisha unaifuta kwa karatasi laini yenye spiriti, kwa upande mmoja, bila kurudi nyuma. Usiguse uso kwa kidole. Halafu unaweka kioo juu, unawasha taa, unatazama.

Mungu wangu. Nitasemaje? Juu ya jiwe jeusi ilitokea mistari, mmoja wa manjano, mmoja mweusi, kama matuta ya shamba ukiyatazama kutoka kilimani. Mistari ikiwa imepinda, uso una kilima au una bonde. Mistari ikinyooka yote, uso ni tambarare. Na kutoka mstari mmoja hadi wa pili, baba mkwe aliniambia, tofauti ni ndogo kiasi kwamba ungehitaji mistari kama mia mbili kufikisha unene wa unywele mmoja. Mimi, mtoa miiba, niliona kwa macho yangu kitu kidogo mara mia mbili kuliko unywele. Sikula chakula cha mchana siku ile. Nilikaa natazama.

Lakini pete zikishakamilika, kazi yangu iliishia kizingitini. Niliziweka kwenye sinia lenye kitambaa cheupe, nazibeba mpaka kwenye mlango wa uwanja wa kufungia, Bun-hiong anazipokea. Kufunga pampu, yaani kupanga sili kwenye shafti, kujaza mafuta, kukaza boliti, hiyo ilikuwa kazi ya baba mkwe, hata mwanawe hakuigusa. Nilikuwa nasimama kizingitini nikitazama mgongo wake. Miaka tisa nilitazama mgongo ule.

Mwaka wa tisa ndipo bwawa lilipotuita. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimemomonyoa milima, na tope lilijaa chini ya bwawa likapanda mpaka karibu na tundu linalotoa maji ya kunywa ya miji mitatu, mji wetu ukiwemo. Ilibidi tope linyonywe kabla ya tufani za mwezi wa nane, la sivyo tundu lingezikwa. Baba mkwe akatengeneza pampu kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ikazamishwa. Siku ya tisa ikafa. Akapeleka ya pili, ikafa siku ya saba. Ya tatu siku ya kumi na moja.

Ya tatu iliporudi, watu wote tulikusanyika uwanjani. Alikuwepo Injinia Phua wa bwawa, bwana mwembamba aliyefuta miwani yake kila dakika hata ikiwa safi. Baba mkwe akafungua plagi ya chumba cha mafuta. Badala ya mafuta ikachuruzika rojo ya kahawia, nzito, inanuka kama majani yaliyooza.

"Haya," A-Tsu akasema akiziba pua, "pete za wifi zimejifungua. Tumwite mkunga?"

Wafanyakazi wakacheka. Bun-hiong akamwambia, "A-Tsu, funga mdomo wako kabla sijauwekea sili."

"Ukiweka ya kwenu itavuja."

"Nyamazeni," baba mkwe akasema. Alikuwa amechuchumaa, ameshika pete ya chini mkononi. Uso wake ulikuwa na mikwaruzo, kama mtu kaukuna kwa msumari. Akainyanyua kila mtu aione. "Mota nzuri. Beringi nzuri. Shafti imenyooka. Kilichoharibika ni hiki."

Kila mtu akanitazama mimi. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Injinia Phua akafuta miwani. "Mzee Khu, sikulaumu. Lakini naomba tuelewane. Muda uliobaki unatosha pampu moja tu, nayo iende siku arobaini bila kufa. Ikifa hii ya nne, watu watakunywa maji ya mvua."

"Haitakufa," baba mkwe akasema. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana iliniumiza zaidi. "A-Un, tengeneza jozi za mwisho. Ukishindwa tena, taa tutaifunika. Nitaagiza pete zilizokamilika huko nje, na wewe utamsaidia mama yako jikoni. Si adhabu. Kila mtu ana kazi anayoiweza."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Nikabeba zile pete zilizokufa, za pampu zote tatu, nikaingia nazo chumbani. Niliziosha kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nilitaka kuona kosa langu. Nilifikiri, kama ni kosa langu, angalau nilijue kabla sijaondoka.

Nikaweka ya kwanza chini ya kioo, nikawasha taa.

Penye mikwaruzo palikuwa pamevurugika, ndiyo. Lakini kati ya mkwaruzo na mkwaruzo, pale uso ulipobaki mzima, mistari ilikuwa imenyooka. Imenyooka kabisa! Nikaweka ya pili. Imenyooka. Zote sita za chini, na zote sita za juu. Za juu hata mkwaruzo hazikuwa nao, ila kabla sijaziosha zilikuwa na mafuta kwa nyuma, upande wa mota, mahali ambapo mafuta hayana ruhusa ya kufika. Uso uliochakaa huwa na mabonde. Hizi hazikuchakaa. Hizi zilifunguliwa. Kitu fulani kilizisukuma zikaachana, mafuta yakatoka, kisha tope likaingia kwa raha zake. Na kama mafuta yalipanda kwenye mota, aliyesukuma hakutoka nje kwenye tope. Alitoka ndani.

Nani yumo ndani? Mafuta tu.

Nilikaa nikilitafakari hilo, na kwa kutafakari nikasahau nikaegemeza kidole changu ubavuni mwa pete, kioo kikiwa bado juu yake. Mistari ikaanza kusogea. Taratibu, kama majani ya mpunga upepo ukipita, ikajipinda yote kuelekea kidole changu. Nikashtuka nikaondoa mkono. Nikangoja. Ikarudi polepole, mmoja baada ya mwingine, ikanyooka.

Nikaweka kidole tena. Ikapinda tena.

Nilikuwa nimeona hivyo mara nyingi na kuona ni usumbufu tu, unangoja jiwe lipoe ndipo upime. Siku ile niliona vingine. Joto la kidole changu, kidole cha mwanamke aliyetoka kuosha vyombo, lilikuwa linavimbisha jiwe gumu karibu na almasi. Kama kidole kinavimbisha jiwe, je, mota inayonguruma mchana kutwa, usiku kucha, inayafanya nini mafuta? Yakivimba yanakwenda wapi?

Nikasimama. Nikaenda kizingitini. Baba mkwe alikuwa anaandaa chumba cha mafuta cha pampu ya nne, amekiziba kwa muda, anakijaza mafuta ya majaribio aone kama kinavuja, na nikamtazama kama sijawahi kumtazama. Pampu zetu ndogo za zamani zilijazwa zikiwa zimelazwa chini, tundu likiwa ubavuni, hivyo hata ukijaza mpaka yamwagike, juu hubaki nafasi. Hii kubwa tundu lake lilikuwa juu. Na baba mkwe, kwa heshima ya kazi, alikuwa ameiegemeza kwenye kabari ya mbao ili hewa yote ikimbilie tunduni, anamimina, anaigonga gonga kwa nyundo ya mbao, kipovu kinatoka, anamimina tena, anagonga tena, mpaka kipovu cha mwisho. Kila akimaliza alikuwa akisema maneno yaleyale: "Anayekwenda kazini asiende na tumbo nusu." Kwetu chombo cha kusafiria hujazwa pomoni, na kikombe cha pombe cha mgeni anayeaga hujazwa mpaka ukingoni. Ndivyo alivyokuwa akiiaga pampu. Angejaza pungufu angejiona bahili.

Chai peke yake ndiyo hatujazi. Chai ni sehemu saba katika kumi, basi. Ukimjazia mtu chai mpaka ukingoni, unamwambia ainuke aende zake.

Nilimwambia Bun-hiong kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa kwa bisibisi.

"Unataka nikamwambie Baba kwamba pampu tatu zimeuawa na yeye?"

"Si kuuawa. Kuvimbiwa."

"Afadhali kuuawa! A-Un, yeye amefunga pampu tangu mimi sijazaliwa. Mimi siendi. Na wewe usiende."

"Kesho kutwa anajaza."

"Ndiyo, kesho kutwa anajaza," akasema, akaondoka haraka kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

Siku ya kujaza, saa nne asubuhi, Injinia Phua alikuja kushuhudia. Kabla ya kazi walikaa kwenye meza ya mawe uwanjani, baba mkwe na yeye, na mimi nikaleta chai na karanga za kuchemsha. Jozi zangu mpya zilikuwa zimekwisha kupangwa, mafuta yapo kwenye debe, nyundo ya mbao ipo juu yake. Nilimmiminia mgeni sehemu saba. Kisha nikammiminia baba mkwe. Nikafika sehemu saba, sikusimama. Nane. Tisa. Birika halikuinuka. Chai ikafika ukingoni, ikatuna juu ya ukingo kama jicho, nikaacha.

Kijana wa mashine ya kuchonga akaizima.

"Wee!" A-Tsu akasema kwa sauti ndogo. "Anamfukuza Baba nyumbani kwake!"

Baba mkwe alikitazama kikombe. Akanyoosha mkono kukiinua, chai ya moto ikamwagikia vidole, akakiachia. "Nimekukosea nini?" akaniuliza.

"Hujanikosea, Baba." Nilikuwa nimepiga magoti bila kujua. "Chai tunaiachia nafasi kwa sababu ni ya moto, inashikwa na mtu. Mafuta nayo yatakuwa ya moto, na yameshikwa na sili. Yakijaa hivi, yakivimba, yatakwenda wapi? Yanasukuma sili ya juu, yanapanda kwenye mota. Pampu ikizimwa wahamishe pantoni, lile jukwaa linaloelea lililoining'iniza, yaliyobaki yanapoa, yanasinyaa, yanavuta. Nacho kilicho karibu cha kuvutwa ni tope."

Injinia Phua alivua miwani, na safari hii hakuifuta, alibaki ameishika.

"Mafuta kuvimba kila mtu anajua," baba mkwe akasema hatimaye. "Yanavimba kiasi gani? Kiasi cha chozi."

"Na mlango wenyewe, kati ya pete na pete, upana wake ni kiasi gani, Baba?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alisimama, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na chupa mbili za dawa ya kikohozi zilizo tupu. Yeye alikuwa mtu wa hivyo, maneno hayakumwingia mpaka yapite mikononi. Akajaza moja mafuta mpaka juu kabisa, akaigonga kipovu kitoke, akaziba kwa kizibo cha mpira. Ya pili akajaza sehemu saba, akaziba vilevile. Akaziweka kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni yakichemka kwa ajili ya tambi, na sisi sote, injinia, mafundi, wifi, mama mkwe aliyeshika mwiko, tukasongamana mlangoni kama watu wanaotazama mtoto akizaliwa.

Haikuchukua muda. Kizibo cha chupa iliyojaa kilianza kupanda. Kilipanda peke yake, hakuna aliyekigusa, polepole, na pembeni mwake mafuta yakatokeza duara jembamba linalong'aa. Kisha, po! kikaruka kikampiga Bun-hiong shavuni.

"Na wewe umepata sili yako," A-Tsu akamwambia.

Kizibo cha chupa ya pili kilikaa kimya kama kimelala.

Baba mkwe aliitazama sufuria ile mpaka maji ya tambi yakapungua nusu. Kisha akatoka uwanjani, akachukua kabari ya mbao chini ya pampu, akaitupa kwenye kuni. Akapima mafuta kwa kijiti, sehemu saba, akafunga plagi. Hakusema kitu juu ya tumbo nusu. Hakunitazama pia. Akashika spana, akaanza kukaza boliti ya kwanza.

Pampu ya nne ilishushwa siku ya pili yake, na Bun-hiong akanichukua pantonini, mara yangu ya kwanza. Pantoni ilikuwa katikati ya bwawa, maji ya kijivu pande zote, milima imevaa mawingu. Mzee mmoja wa pale, anaitwa Tik-a, alikuwa na hamu ya kuona inavyozunguka. "Iwashe kidogo tu kabla haijaingia, tusikie sauti yake."

"Hewani? Hewani sili ya chini haina maji ya kuipoza!" Bun-hiong akapiga kelele. "Itaungua sasa hivi! Kisha uiingize majini ikiwa ya moto, ipasuke kama bilauri. Wewe ukitoka jua kali ukamwagiwa barafu utapenda?"

"Kwa hali hii ya hewa? Nitashukuru."

Ikazama kwanza, kisha ikawashwa. Sikusikia kitu. Kwa muda mrefu sikusikia kitu, nikasema tumekwisha. Halafu bomba refu linaloelea juu ya maji likatikisika, kipande baada ya kipande, kama chatu anayeamka, na kule mbali kwenye ukingo, kinywani mwake, likatoka tope. Halikutoka kama maji. Lilitoka zito, jeusi, linarukaruka, mlima uliokuwa umelala chini ya bwawa sasa unainuliwa na kutemwa, kwa nguvu iliyotetemesha mbao chini ya miguu yangu.

Tik-a akanionyesha mti mrefu wanaousimamisha juu ya pampu kuisikiliza. Nikaweka sikio. Niliusikia mchanga ukipiga chuma, mawe madogo yakigongana, ghasia kama soko la asubuhi. Na nyuma ya ghasia hiyo, sauti moja nyembamba, laini, isiyopanda wala kushuka. Huko ndiko zilikokuwa. Pete zangu, mita ishirini chini gizani, zinapishana, na kati yake kile kisichoonekana kinashikilia mlima mzima usiingie. Nilisahau kuondoa sikio. Bun-hiong alinishika bega, na nilipogeuka alishangaa, maana nilikuwa nalia na sikuwa na huzuni yoyote.

Tukahesabu siku. Ya tisa ikapita. Ya kumi na moja ikapita, na siku hiyo A-Tsu aliniwekea jicho la samaki, kipande cha heshima mezani kwetu, kwenye bakuli langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku ya thelathini na nane tufani ya kwanza ikaja, mvua ikipiga mapaa siku mbili mfululizo, na maji yakashuka milimani mekundu kama matofali. Pampu haikuzimwa. Tundu la maji ya kunywa lilikuwa wazi, limezungukwa na shimo refu lililochimbwa na pampu yetu, na tufani ilipopita tulifungua bomba la jikoni yakatoka maji. Mama mkwe aliyatazama yakijaa kwenye sufuria, akayaacha yamwagike kidogo, kwa furaha tu.

Siku ya hamsini na tatu kazi ikaisha, pampu ikarudishwa ikiwa hai. Mapezi yamelika, rangi imekwisha yote, chuma cheupe kimebaki kinang'aa kama kijiko. Ikawekwa uwanjani. Watu walewale wakakusanyika, na injinia na miwani yake. Baba mkwe akachuchumaa, akashika plagi, akangoja kidogo. Akafungua.

Yakatoka mafuta. Yana rangi ya asali, jua likapita ndani yake, na ungeweza kuona kucha yako kupitia humo. Yalishuka kwenye beseni kama uzi mmoja usiokatika. Fundi mmoja mzee alivua kofia. Baba mkwe akaweka kidole, akasugua kwa dole gumba akitafuta hata chembe moja ya mchanga, akanusa, akasugua tena. Hakukuwa na kitu. Siku hamsini na tatu ndani ya mlima, na hakukuwa na kitu.

Akabaki amechuchumaa, ananitazama. Nilikuwa kizingitini.

"A-Un," akasema. "Miaka tisa, kila mwaka mpya nakuuliza unataka nini, unaniambia, hakuna, Baba. Leo usiniambie hakuna."

"Sema cherehani," A-Tsu akaninong'oneza. "Sema bangili! Sema, mjinga wewe, amelainika."

Nilimwangalia mume wangu, akatazama pembeni, lakini alikuwa anatabasamu. Nikavuka kizingiti. Miguu yangu iliona ajabu kukanyaga saruji ile.

"Nataka kufunga pampu, Baba," nikasema. "Mwenyewe. Nipange sili, nijaze mafuta, nikaze boliti mpaka ya mwisho. Nimelitaka hilo tangu siku ya kwanza uliponiwashia taa."